Nilivyoiacha Lenzi Ndefu kwa Ajili ya Msitu wa Mbizi

Jumamosi, katikati ya Januari. Ukungu ulishuka kutoka Mbizi tangu alfajiri ukakaa Sumbawanga kama mgeni ambaye huwezi kumuuliza anaondoka lini. Mvua haikunyesha, lakini kila kitu kililowa, hata kiberiti cha jikoni.

Naandika nikiwa bado sina hakika kama nilifanya la maana. Mimi ni mpiga picha wa harusi na komunio, elimu yangu darasa la saba na kozi fupi, kwa hiyo mtu asichukue maneno yangu kama mafundisho.

Jambo lenyewe ni la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye anaishi nasi. Alijifunza baiskeli kwa kubeba magunia ya mahindi kutoka Mollo mpaka mashineni mjini, na mtu aliyeshuka mlima na gunia nyuma, ukimwondolea gunia anakuwa ndege. Baadaye alinunua mnadani baiskeli ya gia, yenye matairi ya meno, akaanza kushuka nayo njia za msituni kwa kupenda tu. Majirani walisema amepungukiwa. Kumbe kuna kampuni kule kaskazini inayotembeza wageni kwa baiskeli misituni, na inatafuta vijana wa kuwaongoza. Wakamwambia atume picha moja: aonekane anashuka, aonekane yuko msituni, na sura yake ijulikane. Mwisho Jumamosi jioni. Ana bahati, shemeji yake ni mpiga picha.

Jumanne tulipanda Mbizi na lenzi yangu ndefu. Mkoa wetu hauna uhaba wa mwanga, tena uko wa kutosha, ila wote unabaki nje ya msitu. Ndani ni giza la kijani, miti imevaa kuvu mpaka shingoni. Lenzi ndefu ina tundu dogo. Nikaacha shata wazi muda mrefu ili mwanga uingie, shemeji akapita, na nilichopata ni mstari. Nikapandisha aiso, ile namba ya kuifanya kamera inase mwanga mdogo, picha ikajaa chenga kama ulezi uliomwagika. Nikawasha flashi, nikapiga picha safi kabisa ya ukungu.

Usiku mke wangu alizitazama zote.

"Huyu ni nani?"

"Ndugu yako."

"Huyu? Baba watoto, huyu ni moshi."

Shemeji alisema hapana, ukitazama vizuri tairi la nyuma linaonekana. Alikuwa ananionea huruma, na hakuna kitu kibaya kama kuonewa huruma na mtu ambaye maisha yake yako mkononi mwako.

Asubuhi nikaenda kwa muuza kamera wa mjini. Akaitazama kadi yangu ya picha kama daktari anayetafuta maneno mazuri, kisha akatoa kabatini kilenzi kifupi, kipana kama kikombe cha chai na urefu wake hata kikombe kinauzidi.

"Hiki hapa, mkubwa. Moja nukta nane."

"Yangu ni tano nukta sita. Si kubwa zaidi?"

"Namba ikiwa ndogo, tundu ndilo kubwa."

Nani aliwahi kuona kipimo ambacho kidogo ndicho kikubwa? Lakini alikifunga kwenye kamera, akazima taa ya duka, akanipiga picha. Nikajiona vizuri, hata kovu la kidevuni. Shata ilikuwa imefunguka na kufunga kabla sijapepesa.

"Hakivuti mbali," akaniambia. "Ukitaka mtu awe mkubwa, msogelee kwa miguu yako. Na ukifungua tundu lote, ukilenga pua, sikio linapotea."

Nataka niwe mwadilifu hapa. Mtu huyo alinieleza ubaya wa bidhaa yake kabla sijauliza. Pia lenzi ndefu haikunikosea kitu. Imenilisha miaka. Kamati za harusi za mji huu hazisomi namba. Zinatazama urefu. Ukifika kikaoni na lenzi ndefu, mwenyekiti anakuita mtaalamu na unaletewa soda. Ukifika na kikombe cha chai, wanakuuliza mpiga picha mwenyewe atafika saa ngapi. Na muuzaji hakutaka kingine ila kubadilishana, lenzi kwa lenzi.

Nilirudi nyumbani kumuuliza mke wangu, nikitumaini atakataa, ili lawama iwe yake.

"Harusi zinaanza tena baada ya Pasaka," alisema. "Picha ya mdogo wangu inatakiwa Jumamosi."

Alisema hivyo akichambua maharage, wala hakuniangalia. Nilijua hataki mdogo wake aondoke. Ndiye aliyemlea. Basi nikabadilisha. Njiani nilijisikia kama mtu aliyeuza ng'ombe akapewa kuku, ijapokuwa kuku anayeona gizani.

Leo asubuhi tukapanda tena, mimi, shemeji na kikombe cha chai. Nikachagua mahali njia inapokatwa na mzizi mkubwa, kwa sababu pale baiskeli lazima iruke. Nikalenga mzizi wenyewe, nikaifunga lenzi isihame hapo, nikapiga magoti hatua chache tu kutoka njiani. Kwa lenzi ndefu ningekaa mbali nikiwa msafi kama karani. Shemeji akapanda juu. Nikasikia breki zikilia, nikasikia matairi, nikavuta pumzi.

Hapo akatokea bibi na kapu la uyoga, akasimama kando ya njia, hatua mbili kabla ya kufika kwenye mzizi.

Kwetu humpiti mtu mzima ukiwa juu ya baiskeli kama unafukuzwa. Shemeji akafunga breki, akateleza, akashuka, akailaza baiskeli kwenye matope, akachuchumaa, akapiga makofi polepole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unakimbilia wapi, nani kafa?"

Kisha wakahamia Kifipa, wakaulizana mahindi, mvua, mji, watu wa mji, na afya ya watu ambao naamini hakuna kati yao aliyewafahamu. Nami nikachuchumaa, kamera shingoni. Tulipomaliza, bibi akaweka kapu chini, akakaa juu ya gogo kuangalia tunachofanya.

Shemeji akapanda tena. Akashuka tena. Alipofika kwa bibi akafunga breki, akashuka, akachuchumaa.

"Shemeji," nikamwambia, "si umeshamsalimia?"

"Sasa nimpite hivihivi? Ananiangalia!"

"Na picha je?"

"Shemeji, mimi siwezi."

Ukungu ulikuwa unazidi kuwa mzito na mwanga unapungua hata kwa lenzi ya moja nukta nane. Nilifikiria kumwomba bibi ahame. Nikafikiria pia nitakavyoeleza nyumbani kwamba nimemfukuza mzee msituni akiwa na uyoga wake. Nikaishia kufuta lenzi kwa kona ya shati. Ni bibi mwenyewe aliyeuliza tunatafuta nini, na shemeji akamweleza habari ya kazi yote, na ya dada aliyemlea, mpaka kaskazini.

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe mimi ndiye ninayekuzuia kazi! Salamu zako zinanitosha mpaka Pasaka. Panda huko juu, ushuke, upite. Ukisimama tena nakuchapa na kapu."

Shemeji akapanda. Akaja. Sijawahi kumwona akija hivyo. Alipofika usawa wa bibi hakusimama, lakini mwili wake haukuweza kutii kabisa. Akarukia mzizi, na akiwa hewani akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akauweka kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Nikafyatua. Matope yakanijaa mdomoni.

Tuliitazama picha tukiwa tumefunika kamera kwa koti. Kila tone la matope limesimama hewani peke yake. Matairi yote mawili hayagusi ardhi. Uso wake mkali kabisa, mdomo wazi, unasoma wazi kwamba anasema shikamoo. Nyuma yake bibi ameyeyuka, amebaki rangi ya kitenge.

"Mkono mmoja," nikasema. "Wataona huna adabu na baiskeli."

"Au wataona nina adabu," shemeji akasema. Lakini sauti yake haikuwa na uhakika. Hapakuwa na mwanga wa kurudia. Bibi akatugawia uyoga nusu kapu, akasema ni wa dada mtu.

Tukaituma jioni. Mke wangu aliiangalia sana kabla ya kunirudishia simu.

"Umemfuta bibi wa watu," alisema. Baadaye akaongeza, "Ila huyu ni yeye."

Jibu lilikuja tukiwa tunasonga ugali. Aje kwa majaribio, waliandika, ila wageni waongozwe kwa mikono miwili. Shemeji alipiga ukelele uliomwamsha mtoto wa jirani. Nikafurahi, nikakumbuka kamati za harusi, nikafurahi kidogo tu.

Tulikula ugali wa ulezi na uyoga wa bibi, ulioungwa kwa karanga. Shemeji alikula mara mbili. Mke wangu alisema ameshashiba tangu mchana, akamsogezea mdogo wake bakuli lake.