Malkia Anataka Faragha

Fundi saa ambaye mtaa ulimpachika jina la Profesa alijua kila kitu, na asichokijua alikieleza kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo Malkia, nyoka wake wa kufugwa, mwekundu mwenye mabaka na asiye na sumu hata chembe, alipovimba tumbo, majirani walipata semina ya bure.

"Mama anayetaga anataka faragha!" aliwahubiria chumbani. "Sanduku la plastiki lenye mfuniko, tundu moja la kupenya, ndani makumbi ya nazi yaliyoloweshwa yakakamuliwa. Yakikauka, mayai yatasinyaa. Yakirowa mno, yataoza. Na giza, jamani! Asisumbuliwe!"

Alipokwisha kusema hayo akafunua mfuniko ili kila mtu achungulie.

Kesho yake alimfunulia muuza maziwa, kisha wateja waliofuata saa zao. Mdogo wake akaja na simu, akapiga picha huku taa inawaka. Malkia akatoka, akazunguka tangi lake la kioo, akarudi sandukuni, akatoka tena. Yai hata moja hakuna. Profesa akaongeza maji, akapunguza maji, akabadilisha makumbi, halafu akafunua aone kama imesaidia. Mganga hajigangi.

Ikafika siku Malkia akalegea, hata ulimi hautoi. Daktari wa mifugo alisema kwenye simu kwamba mayai yakikwama, mama hufa. Profesa akakaa sakafuni, akalia bila haya, maana alimpenda yule nyoka kwelikweli.

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Akaziweka kando, akamshika mkono, akamtoa nje pamoja na mdogo wake na simu yake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kutwa Profesa alizunguka pale mlangoni. "Nichungulie kidogo tu, mke wangu."

"Kidogo chako nakijua."

Jioni mke aliingia peke yake, akatoka anatabasamu. Malkia alikuwa mzima, amejikunja juu ya makumbi, kayazunguka mayai meupe yaliyoshikamana.

Profesa nusura apige magoti kwa furaha. "Sasa nilikosea wapi? Unyevu?"

"Unyevu ulikuwa sawa, baba." Mkewe akautia ufunguo mfukoni. "Siku ninamzaa mwanao niliomba mlango ufungwe. Ukaniletea ukoo mzima, na mama yako akashika taa."