Mbwa Hatolewi Bure

Bosibori alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na asiyetaka ugomvi naye alimwachia njia. Hayo si masengenyo. Yasemwe tu, maana siku hizi wapo wanaomsimulia kana kwamba alikuwa malaika mpole wa wanyama. Upole gani? Huyu alimnyang'anya mzee wa kanisa mwavuli akamsindikiza nao mpaka barabarani. Na mapenzi pia aliyakana. Mbwa alisema hawapendi, anawajua tu, na mtu humwachi umjuaye apigwe risasi huku unatazama.

Aliwajua kwa sababu aliwapikia posho miaka kumi na mmoja katika shamba la mzungu kule Nyansiongo. Watu walimwita yule mzungu Bwana Kofia, maana hata kaburini kwa mkewe hakuivua. Mwaka wa sitini na nne, shamba lilipokatwa ploti za wananchi, Bwana Kofia alipakia kwenye lori viti vyake, saa ya ukutani na hata bomba za bafuni, akaenda zake. Mbwa sita akawaacha wamekaa barazani wanatazama barabara.

Mbwa hao walichukiwa, na si bure. Walikuwa wamefundishwa kubagua miguu. Mwenye viatu alipita salama, mwenye miguu mitupu alikimbizwa mpaka kwenye seng'enge. Na wakati huo viatu alikuwa navyo nani? Mkubwa wao, dume la rangi ya majani makavu lililoitwa Meja, lilimng'ata mchunga ng'ombe Machogu mwaka wa hamsini na tisa kwa kosa la kukatiza kwenye nyasi za bwana na ndoo ya maziwa. Bwana Kofia alikuwa amesimama hapo hapo na kikombe cha chai. Hakumwita mbwa wake mpaka alipomaliza kunywa. Sasa Machogu alikuwa na ploti yake mwenyewe, na kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza alikunja suruali awaonyeshe kovu.

Basi Ogari, naibu wa chifu, akaitisha baraza. Kichaa cha mbwa kimeonekana upande wa Sotik, akasema. Baada ya wiki nne, siku ya Jumatatu, kila mbwa aletwe kwenye josho adungwe sindano na mwenyewe aandikwe kitabuni. Asiye na mwenyewe atapigwa risasi.

"Wale sita wana mwenyewe," Bosibori akasema kutoka nyuma.

"Nani?"

"Mimi."

Ogari hakuwa mtu mbaya, lakini alipenda kuchekesha watu. "Mama, mwenyewe ni mtu mwenye boma. Ploti yako ni namba ngapi?"

Watu wakacheka. Bosibori alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, na jina lake halikuwa kwenye orodha ya ploti. Alilala kwenye chumba cha zamani cha maziwa mpaka atakapoambiwa atoke. Kicheko kile kilimchoma, na hakujifanya hakikumchoma. Alingoja kikaisha.

"Nitawatafutia wenye namba," akasema. "Na wewe utawaandika, mmoja mmoja."

Kesho yake alisokota kamba za mkonge, akawafunga mbwa wawili, akaanza kutembea. Hakubeba fimbo wala kiboko, na viatu asingevaa hata kama angekuwa navyo. Alishuka nao mtoni, akapanda nao kilima cha pili, akapita kwenye majani chai mapya ya Gesima wachumaji wakimpigia kelele, akarudi jua likiwa utosini. Siku iliyofuata akachukua wawili wengine. Alikuwa na hesabu yake kichwani: mbwa aliyepanda vilima vitatu hana pumzi ya kiburi, na mbwa aliyetembea siku baada ya siku katikati ya miguu mitupu mwishowe huiona kuwa miguu tu.

Siku za soko alikwenda mbali zaidi, mpaka Keumbu, akitoka alfajiri. Alisimama kando ya wauza ndizi, mbwa wamelala miguuni pake ulimi nje, akawaambia watu wapite karibu. "Pita. Pita na miguu yako hiyo hiyo. Akikugusa nitamuua mwenyewe." Akina mama walipita wakiwa wamenyanyua vikapu, wakarudi wakapita tena, safari hii wakicheka.

Mbwa wa kwanza alimtoa siku ya kwanza ya soko, na hapo ndipo alipokosea. Mwenye duka la chumvi na mafuta alimtaka kwa ulinzi, na Bosibori kwa furaha na haraka akampa kamba mkononi, basi. Mtoto wa Kisii yeyote angemwambia! Mbwa hatolewi bure. Anayemchukua sharti atoe kitu, hata konzi ya wimbi la uji, ndipo mbwa ajue ametoka kwa huyu ameingia kwa yule. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na sisi kwetu ni sheria ya mbwa. Siku ya tatu mbwa alikuwa mlangoni pa chumba cha maziwa, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni.

"Mjinga ni mimi," Bosibori akamwambia. "Wewe hukukosea."

Tangu hapo akaweka sheria zake. Unataka mbwa? Kwanza tembea naye kutoka mto huu mpaka ule, miguu mitupu, mimi nikiwa nyuma. Kisha leta wimbi. Mwenye duka alivua viatu vyake vya turubali, akatembea akilalamika njia nzima, akalipa konzi mbili. Mbwa hakurudi.

Jumamosi aliwapitisha nje ya kanisa lake la Sabato watu wakitoka, Jumapili nje ya misa ya Wakatoliki. Hapo ndipo kisa cha mwavuli. Mzee wa kanisa alimzuia getini. "Dada Bosibori, Sabato si siku ya kutembeza mbwa."

"Ng'ombe wako akitumbukia shimoni leo, utangoja kesho?"

"Ng'ombe ni ng'ombe. Hawa ni mbwa wa mkoloni." Akamchokoa mmoja ubavuni kwa ncha ya mwavuli. Yaliyofuata mmeshaambiwa. Alisimamishwa ushirika miezi mitatu, akaimaliza akiwa amekaa nje chini ya dirisha, akiimba kwa sauti kuliko waliokuwa ndani.

Wiki ya nne ikafika, mbwa watano wamepata boma. Alibaki Meja.

Meja hakutakiwa na mtu. Habari za mguu wa Machogu zilikuwa zimefika mpaka Keumbu. Na njia ya kutoka kwenye chumba cha maziwa ilipita mbele ya lango la Machogu, haikuwapo nyingine. Siku za kwanza Machogu alimrushia mbwa mawe. Bosibori hakubadilisha njia wala hakuongeza mwendo. Wiki ya pili Machogu alitukana tu. Wiki ya tatu alisimama langoni kimya, mikono nyuma, akiangalia Meja anavyopita bila kuinua kichwa.

Ijumaa ya mwisho Bosibori aliingia kwake bila kubisha hodi.

"Baba, una namba. Nungu wanamaliza mahindi yako. Mchukue."

"Unaniambia mimi?" Machogu akakunja suruali. Kovu lilikuwa kubwa, nyama imebonyea chini ya goti. "Mimi?"

"Nililiosha mimi hilo lilipokuwa kidonda, nalijua. Aliyemtuma akung'ate ameondoka na viti vyake na hujamrushia hata jiwe moja. Umebaki kumwadhibu aliyeachwa, kama wewe na mimi tulivyoachwa."

"Toka kwangu."

Akatoka. Njiani alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana alijua amesema kweli na kweli haikusaidia kitu.

Jumatatu josho lilijaa. Wale watano walikuwa wamekuja na wenyewe wao, kila mmoja na kamba yake, wakatulia kati ya miguu ya watu. Askari mwenye bunduki alisimama chini ya mkaratusi. Karani alikuwa na kitabu na rula mezani, anaandika: mbwa, mwenyewe, ploti. Zamu ya Bosibori ikafika.

"Meja," akasema. "Mwenyewe ni Bosibori."

"Tulishamaliza hayo, Mama," Ogari akasema, na safari hii hakutabasamu. "Mpe askari kamba."

"Siitoi."

"Mama."

"Nimempikia, nimemtembeza, nimemfundisha miguu. Ninyi mnataka namba. Sina, na hamkunipa. Kamba siitoi." Akaizungusha mkononi mara tatu, akakaa chini kwenye tope la josho, mbwa ubavuni. Askari alimtazama Ogari, Ogari akatazama chini.

Ndipo Machogu akatoka kwenye mstari, akichechemea kama kawaida yake.

"Andika mimi," akamwambia karani.

Ogari akageuka. "Wewe? Umetembea naye lini? Wimbi umelipa?" Hata yeye alizijua sheria za Bosibori, nchi nzima ilizijua.

"Nimemtazama akitembea wiki nne, yatosha. Na malipo?" Machogu akakunja suruali, akaweka mguu juu ya meza, karibu na kitabu. "Nililipa mwaka wa hamsini na tisa. Nyama, si wimbi. Nani hapa alilipa zaidi?"

Hakuna aliyecheka. Karani akasoma kovu lile kama anasoma barua, kisha akachovya kalamu. Meja, Machogu, namba ya ploti.

Bosibori akainuka na tope lake. Akafungua kamba mkononi, akaiweka kwenye kiganja cha Machogu. "Hapewi mifupa ya kuku," akasema. Kisha hakuondoka. Aliinama juu ya kitabu, yeye ambaye kusoma kwake kuliishia kwenye jina lake.

"Hapa mimi siko."

"Wewe ndiye uliyemtoa," karani akasema. "Kitabu hakina mahali pa anayetoa. Kina mwenyewe tu."

"Rula si hiyo?"

Karani akamtazama Ogari. Ogari akawaangalia wale mbwa sita na watu wao, kisha akatikisa kichwa kukubali. Karani akapiga mstari mpya pembeni ya ukurasa, kutoka juu mpaka chini, na Bosibori akasimama pale pale akihesabu kwa kidole mpaka jina lake lilipoandikwa mara sita.