Fundi rangi wa Chumbageni anayeogopa kupaka chumba chake

Saa moja asubuhi, Yasini Idarusi amesimama juu ya pipa katika ukumbi wa nyumba ya vyumba sita, Chumbageni jijini Tanga, anakwangua chokaa kuukuu. Vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Wapangaji wanampita na ndoo zao za maji, wala hakuna anayemtania kama walivyozoea.

Wana sababu. Yasini ni fundi rangi, na mtaani hapa kila mtu anajua kwamba rangi mpya huja na kodi mpya.

“Wakiniona na brashi, watu wanaanza kuulizia vyumba kwingine,” anasema, anacheka ingawa jambo lenyewe halichekeshi. “Mama mmoja kaniambia, ‘Wewe Yasini mkosi, heri aje mchimba choo!’”

Zamani aliitwa kazini sikukuu ya Idi ikikaribia, mtu akitaka nyumba yake ing’are. Siku hizi anaitwa wakati wowote, maana wageni wanaokuja kufanya kazi wameongezeka mjini na wenye nyumba wanawatamani. Ukuta unapigwa skimu uwe laini, sakafu inawekwa marumaru, na chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi kinageuka cha 90,000. Tena kodi ya miezi sita inatakiwa kwa mkupuo.

Safari hii maji yamezidi unga. Nyumba anayoipaka ndiyo anayoishi.

Amepanga chumba cha mwisho, kando ya mlango wa uani, pamoja na mkewe Zuleha na mama yake mzazi. Mama ana sukari, na kliniki huenda mwenyewe kwa mkongojo kwa kuwa ni jirani. Vyumba wanavyovimudu sasa viko nje kabisa ya mji.

“Kukubali kazi hii niliona aibu, kukataa nikaona njaa,” anasema Yasini. “Nikikataa ataletwa fundi mwingine, nami nikose kazi na nyumba.”

Mwenye nyumba, Mzee Yaarub, hafichi nia yake. “Bati limeoza, na wanangu wananiuliza nyumba hii inaingiza nini. Yasini sina ugomvi naye, huyu mwanangu.”

Wiki iliyopita Yasini alimfuata barazani kwake.

“Shikamoo, Mzee. Vyumba vitano nitakupakia, na nusu ya ujira wangu ibaki kwako. Changu kiache kama kilivyo, na kodi yake iache kama ilivyo.”

Mzee akamjibu, “Marahaba. Nakupa mwaka mmoja, Yasini. Baada ya hapo tutazungumza.”

Yasini anaushikilia mwaka huo kwa mikono miwili. Anataka kutafuta kipande cha ardhi, hata kama ni Pongwe, aanze na chumba kimoja. “Pakiwa mbali, mama nitampeleka kliniki kwa bajaji. Lakini hapo hataniambia mtu nihame.”

Ndani, Zuleha anakaanga bajia za kuuza. Ukuta nyuma yake umepiga weusi kwa moshi.

“Kinyozi hajinyoi,” anasema. “Miaka tisa namwomba anipakie chumba, jibu lake kesho. Jana kabakiwa na nusu ndoo ya rangi nzuri, kaingia nayo ndani anataka kunifurahisha. Nikamwambia, baba, itoe nje kabla Mzee hajaiona.”