Goti Mferejini

Baada ya Pasaka, Mama Hans, yaani Eunike jirani yangu, aliacha kushiriki meza ya Bwana. Wenzake wakienda kupiga magoti madhabahuni, yeye anatoka nje. Huku kwetu Meru mtu akifanya hivyo hatumuulizi, tunajijibu wenyewe: ametengwa na usharika. Mzee Sifaeli, jirani yetu wa chini mferejini, ndiye aliyeanza kusema. Mimi niko kwaya ya akina mama, na Mungu anisamehe, niliamini na nikasambaza.

Kumbe ni goti. Miaka thelathini ya kuteremsha mikungu ya ndizi hadi barabarani ilikuwa imelimaliza. Siku moja alipiga magoti kusali kando ya kitanda, goti likagoma. Akatambaa hadi mlangoni, akainuka kwa kushika fremu. Mama yule ana kiburi chake. Akaapa kwamba hatanyanyuliwa kama gunia mbele ya kanisa zima.

Mwanawe Hans hubeba mizigo ya watalii mlimani. Akamwambia kuwa wapagazi wakishuka huingiza miguu kwenye maji ya mtoni, dakika kumi tu, uvimbe unapungua. Dawa za daktari aendelee nazo. Basi mama akawa anakaa kwenye mfereji upitao migombani kwake kila alfajiri, meno yakigongana.

Mfereji wetu unaenda kwa zamu. Alhamisi moja, zamu ya Mzee Sifaeli, maji yakapungua. Akapanda akichechemea, jembe begani, kumkamata mwizi wa maji. Akamkuta Mama Hans amekaa katikati, kanga imelowa, maji yametuama nyuma yake.

“Mama Hans, unaniibia maji?”

“Siibi, mzee. Nauguza goti. Nataka kupiga magoti kanisani na kuinuka mwenyewe.”

“Kwa hiyo hukutengwa?”

“Nani kasema nimetengwa?”

Mzee Sifaeli akaanza kulikagua jembe lake.

Jumapili iliyofuata Mama Hans alipiga magoti madhabahuni, Mzee Sifaeli kando yake. Nilisahau kuimba. Akapokea, akatulia kidogo, akasimama bila kushika kitu. Nilipumua kama vile goti lilikuwa langu, na machozi yakanitoka.

Mzee Sifaeli alikuwa bado chini, anahangaika. Mama Hans akampa mkono, akamvuta.

“Alhamisi njoo mferejini,” akamwambia. “Nitakuachia nafasi.”

Alhamisi hiyo, zamu ya mzee ilipoisha na yangu kuanza, maji yalichelewa sana kufika shambani kwangu. Sikupanda kuuliza.