Mwaka wa Kabichi na Paa wa Jikoni

Sisi tuliokulia Isongole tunajua kwamba jua la kule si la kutegemea. Unaanika nguo asubuhi, na kabla hujafika kwenye soksi ya pili ukungu umeshashuka kutoka mlimani umekaa uani kama mgeni asiyeaga. Shule tulikwenda na sweta zinazonuka moshi, maana zilikaukia juu ya mafiga. Tulicheza rede kwenye matope mpaka mpira wa soksi unakuwa mzito kama kiazi, na aliyepigwa nao mgongoni alitoka mwenyewe bila kubishana. Wanangu leo wakipata manyunyu kidogo tu wanaulizia vidonge.

Nakumbuka zaidi mwaka niliokuwa darasa la tano. Viazi vyetu viliungua majani kama vilivyomwagiwa maji ya moto, vikaozea ardhini. Kabichi na majani ya maboga, kinyume chake, vilistawi kama vinatucheka. Halafu mvua ikala barabara, na malori yaliyokuwa yakija kununua mboga yakaacha kuja. Kabichi zikalundikana uani mpaka kuku wakazichoka.

"Hizi zikioza," Mama alisema, "mpaka mahindi yakomae tutakula nini?"

Tukaanza kukausha. Mama alikata, kaka yangu Ambakisye alichovya kwenye maji ya moto yenye chumvi, mimi nikachuja kwenye tenga na kutandaza. Jua likitoka, tulitandaza kwenye mikeka. Ukungu ukishuka, tulikimbiza kila kitu jikoni, kwenye uchaga wa mianzi uliokuwa juu ya mafiga. Moto ulitakiwa uwe mdogo na usizimike kutwa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza mboga na kuzinusa. Harufu ya uvundo ikianza, ulitakiwa useme mara moja. Mpaka leo nikiingia jikoni pua yangu inatangulia.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo, Baba alirudi kutoka shamba la karibu na msitu akiwa amekumbatia koti lake. Ndani ya koti alikuwamo paa, mdogo kuliko mbuzi, macho yamemtoka, mguu wa nyuma unaning'inia.

"Nimemkuta kwenye mtego," Baba alisema. "Waya wa breki ya baiskeli. Umeingia mpaka mfupani."

"Ungemwacha."

"Mbwa walikuwa wanakuja, Mama Amba."

Mama aliutazama ule mguu, akaingia ndani, akatoka na kanga iliyochakaa. Aliichana vipande mwenyewe. Baba akaosha kidonda kwa maji ya chumvi yale yale ya kuchovyea mboga, akaunyoosha mguu, akaubana kwa vijiti vya mianzi. Paa hakulia. Alitetemeka tu, na mimi niliyemshika kichwa nikatetemeka naye.

Sehemu kavu yenye joto ilikuwa moja tu, jikoni. Lakini kila kuni ilipopasuka motoni, paa alijirusha ukutani na vijiti vikalegea. Baba akauzima moto. Mama akautazama uchaga, kisha akamtazama Baba.

"Unamhurumia mnyama. Na wanao je?"

Baba aliinama akaendelea kukaza kitambaa. Kesho yake nilinusa mboga, nikakuta uvundo umeanza pembeni. Nilisema, kama nilivyofundishwa, na nilitamani nisingekuwa na pua.

Hofu ya pili aliileta Ambakisye kutoka kisimani. Alisikia kwamba mtu wa kijiji cha chini alifungwa kwa kukutwa na nyama ya porini. Sisi hatukuwa na nyama tu, tulikuwa na mnyama mzima. Tangu hapo mbwa akibweka njiani, nilikimbia kufunga mlango wa jiko. Jirani yetu Mama Tumaini alipita akauliza kwa nini mlango wa jiko umefungwa mchana kweupe.

"Tunakausha mboga," Mama alisema. "Upepo unaleta vumbi."

Vumbi, Isongole, wakati wa mvua, na jirani kasimama tope limemfika kwenye vifundo. Aliutazama tena mlango, akasema haya, akaondoka. Jioni ile Mama hakula.

"Nenda kwa mwenyekiti umwambie mwenyewe," alimwambia Baba, "kabla hajaambiwa na mtu."

Baba aliondoka alfajiri amevaa shati lake la kanisani. Sisi tukabaki tunasikiliza njia. Mama hakukaa. Aliingia chumbani kwao, akakitandua kitanda cha kamba, akaanza kutandaza kabichi juu yake. Akaleta jiko la mkaa akaliweka chini ya kitanda, akafungua dirisha na mlango.

"Huyo mnyama akae huko jikoni," alisema. "Baba yenu akirudi, tutalala chini."

Neno hilo, akirudi, lilinifanya nitoke tena kuitazama njia.

Alirudi jua likiwa limeshapinda, akiwa na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alichuchumaa jikoni akamkagua paa, akauliza mtego ni wa nani. Baba akasema hajui. Mwenyekiti akasema atatuma taarifa kwa bwana wanyamapori, Tukuyu. Mpaka afike, tusimchinje na tusimtoe.

"Na akifa?" Baba aliuliza.

"Akifa, mniite kabla hamjamgusa."

Alipoondoka, tulielewa kwamba paa yule hakutakiwa kufa. Nani angeamini kwamba kafa mwenyewe? Naye alikuwa hali chochote. Majani ya porini aliyapa kisogo, maziwa akayapiga teke. Mbavu zikaanza kuhesabika. Nilitoka shule mbio bila kugusa rede, nikichungulia kwanza tumbo lake kama linapanda na kushuka.

Mama ndiye aliyegundua. Alipita na tenga la kabichi lililotoka kuchujwa, paa akanyoosha shingo akalamba tone lililodondoka. Alikuwa anataka chumvi. Mama akasimama. Akachukua jani bichi la ndani, lile jeupe alilokuwa akiwatunzia wageni, akalichovya kwenye maji ya chumvi yaliyopoa, akampa. Likaliwa. Akampa la pili.

"Haya," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Mdomo mwingine wa kulisha."

Bwana wanyamapori alipofika, mguu ulikuwa umeunga, umepinda kidogo. Hakumkamata mtu. Alituchukua sote mpaka ukingo wa msitu, Baba akamweka paa chini. Mnyama akaanguka. Mama akaziba mdomo kwa kanga. Paa akainuka, akachechemea hatua chache, majani yakamfunika. Kama aliishi au mbwa walimpata, hatukujua kamwe. Wiki nzima Mama akimenya kitu alikuwa akisita, akisikiliza upande wa msitu.

Sehemu ya kabichi ilivunda tukaitupa. Iliyobaki ilitufikisha kwenye mahindi mapya, kwa shida, tukiila na ugali mpaka Ambakisye akaapa akikua hatagusa kabichi. Hagusi hata leo.

Sasa mboga zikizidi naziweka kwenye friji, na umeme ukikatika nalalamika kwa simu. Wanangu wangeona mnyama aliyeumia wangemrekodi kwanza, na usiku huo huo, kwa simu zao, wangejua mwisho wake. Siwalaumu. Ila nawaona kila mmoja chumbani kwake, mlango umefungwa, na najua wana mambo yanayowanyima usingizi ambayo sitayasikia. Sisi tulikuwa maskini wa vyumba. Mmoja akiogopa, wote tulijua, kwa sababu tulikuwa tumekaa naye kwenye moto ule ule.