Kuku wa Mkunya na Barua Niliyoiandika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mifugo Masasi, nilikabidhiwa koti jeupe lililonizidi, themomita ya wanyama, na mtu wa kunifundisha. Alikuwa mhudumu wa mifugo, mzaliwa wa Lupaso, aliyenipita umri kwa zaidi ya miaka ishirini. Wote walimwita Baba Somoe, kwa jina la binti yake wa kwanza. Afisa Mifugo wa Wilaya aliniambia bila hata kuketi, "Cheti unacho. Kazi utaipata kwa huyu."

Asubuhi hiyohiyo tulikwenda kwa mkulima mmoja nje ya mji aliyekuwa na mbuzi mgonjwa. Nilimkimbiza mbuzi uani mpaka nikamkamata, nikaweka vidole ndani ya paja, penye mshipa tunaohesabia mapigo ya moyo. Yalikuwa mengi mno. Nikasema kwa kujiamini, "Huyu ana homa kali."

"Ana homa, au ametoka mbio?" Baba Somoe akaniuliza. "Mwache apoe kwanza, Mama Rehema. Ukimhesabu sasa utahesabu zile mbio ulizomkimbiza."

Tulikaa, tukaletewa mihogo ya kuchemsha. Tulipompima tena, mapigo yalikuwa ya mbuzi mzima. Shida yake ilikuwa mwiba kwenye kwato.

Chuoni tulikariri kwamba kila mnyama ana mwendo wake wa kuishi. Moyo wa ng'ombe hupiga taratibu, wa mbuzi huuzidi, na wa kuku huenda kasi hata vidole vinashindwa kuufuata, unasikia mtetemo tu. Yai la kuku huanguliwa kwa wiki tatu, mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe tisa. Ndama hajapata mimba ya kwanza, kifaranga aliyezaliwa naye siku moja ameshakuwa bibi. Mimi niliyajua hayo kwa daftari, Baba Somoe aliyajua kwa mikono. Na watu nao aliwapa nafasi ileile. Akiingia kwenye ua wa mtu ilikuwa salamu kwanza, habari za mikorosho, habari za mgonjwa wa nyumba ile, ndipo afungue mfuko wa dawa.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Newala kusimamia chanjo ya kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa banda zima kwa siku chache. Niliomba Baba Somoe ahamishwe nami. Aliacha shamba na familia yake Lupaso kwa sababu nilimwomba.

Chanjo ilikuwa ya matone, tuliyoibeba ndani ya deli lenye barafu. Unamshika kuku alfajiri, kabla hajafunguliwa, unamdondoshea tone moja jichoni, kisha unangoja mpaka tone lienee na jicho lipepese. Ukimwachia kabla ya hapo, anatikisa kichwa na dawa inaanguka chini. Baada ya hapo huwezi kumtofautisha na aliyechanjwa sawasawa.

Mkuu wa idara pale Newala alikuwa mtu wa kasi. Aliniita ofisini. "Wenzako wamemaliza Makote. Wewe bado uko Mkunya, mnabembeleza kuku?"

"Mhudumu wangu anachukua muda, Mkuu."

"Sasa huyo ni wa nini? Mimi nataka idadi, sitaki hadithi. Kama hafai, andika."

Kesho yake tulikuwa Mkunya, kwenye ua wa mjane mmoja aitwaye Bi Agnesi. Baba Somoe alikuwa amempakata tetea, kiganja juu ya mbawa, akingoja aheme taratibu.

"Baba Somoe, ongeza mwendo," nilimwambia mbele ya mwenye kuku.

"Moyo wa huyu unakwenda mbio tayari," akajibu bila kukasirika. "Na mimi nikimwendea mbio, hatulii. Dawa itamwagika, Mama Rehema."

Nilijua anasema kweli. Jioni ile niliandika barua. Niliandika kwamba ni mzito wa kazi, umri umemzidi, anakwamisha zoezi. Nilipofika kwenye neno "mzembe" mkono ulisita, kisha nikaliandika.

Yeye aliambiwa tu kwamba wahudumu wanapunguzwa. Alikuja kuniaga akiwa ameshafunga mizigo kwenye baiskeli. "Najua umenitetea ukashindwa," alisema. "Mungu akulipe."

Nikaitikia, "Amina."

Sehemu ya Mkunya iliyobaki tuliimaliza kwa asubuhi tatu. Ua uliofuata ulikuwa wa Bi Tekla, mdogo wake Bi Agnesi, wanapakana. Kuku wake niliwachanja mwenyewe, tone na kutupa, tone na kutupa, nikamaliza kabla maji yake ya chai hayajachemka. Mkuu alinisifu mbele ya wenzangu.

Kabla ya mvua kideri kikaingia. Bi Tekla aliniita. Kuku walikuwa wamelala uani, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani kila mahali.

"Mama Rehema, wangu wote wamekwisha. Wa dada yangu hapo wazima kabisa. Si mlichanja wote?"

Nilielewa papo hapo. Wale wa jirani walishikwa na Baba Somoe. Ningeweza kusema. Badala yake nikasema, "Huenda dada yako aliingiza kuku kutoka mnadani. Kuna kuku wanabeba ugonjwa na wasiugue wenyewe." Kitaalamu jambo hilo hutokea, na ndiyo maana nalionea aibu zaidi. Nilitumia elimu yangu kumdanganya mtu aliyeniamini kwa ajili ya elimu hiyo. Bi Tekla aligeuka akautazama uzio wa dada yake.

Kwenye taarifa niliandika hivyohivyo. Nikapandishwa cheo. Nilipelekwa Tandahimba, kisha Nachingwea, nikarudi Masasi nikiwa mkuu wa kituo. Wafanyakazi waliniita Mama Chapchap, na mimi nilicheka nikijiona wa maana.

Nimestaafu sasa. Nyumbani hakuna wa kunihimiza, na siku ni ndefu kuliko nilivyozoea. Nawatazama vifaranga wangu wakikua haraka na mimi nikizeeka polepole, na kila nikimshika kuku namkumbuka Baba Somoe. Nilipoambiwa kuwa yu hai, nilikwenda Lupaso.

Nilimkuta barazani, amekonda, macho hayaoni vizuri. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Baba Somoe. Ni Mama Rehema."

"Marahaba, marahaba!" Akamwita binti yake. "Somoe! Njoo umwone yule mama niliyekuwa nakuambia, aliyenipigania Newala."

Somoe alikuja na kiti, akanishika mkono kwa mikono miwili. Sikuweza kukikalia kiti kile. Nilimwambia baba yake yote palepale chini: barua, neno nililoliandika, Amina niliyoitikia, kuku wa Mkunya, maneno niliyomwambia Bi Tekla. Somoe aliuachia mkono wangu.

Baba Somoe aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akauliza, "Walikufa kuku wengi?"

"Wengi, baba."

"Na yule mama, umeshamwambia?"

"Bado."

"Sasa kwangu umefuata nini kwanza? Mimi nililima korosho zangu, nikaishi. Nenda Mkunya."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Kesho yake nilipanda Newala. Bi Tekla amezeeka, anatembelea fimbo. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza alisema kwa sauti ndogo, "Toka siku ile sijavuka ua wa dada. Mwanawe alipooa sikwenda. Mimi nilipougua, alituma uji kwa mjukuu, nikaurudisha."

"Nisamehe, mama."

"Agnesi yupo," alisema. "Inuka. Utamwambia wewe, mimi nitakuwepo."

Akaegemea fimbo yake, akasimama. Mpaka mlango wa dada yake si hatua hamsini. Alikwenda hatua moja, akapumzika, kisha nyingine, nami nikimfuata nyuma. Safari hii sikutamani hata kidogo aongeze mwendo.