Bi Barafu Hajui Kuogelea

Wifi yangu alifanya kazi kwenye boti miaka sita, na humo botini, mpaka siku yake ya mwisho, maji hayakuwahi kumfika juu ya kiwiko. Hilo naweza kuliapia, kwa sababu mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo, na mimi ndiye niliyeandika kwenye karatasi kwamba nimemwona kwa macho yangu akiogelea mita hamsini bila kupumzika. Mita hamsini! Mtu ambaye hata uso ananawa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Boti yetu ni ya starehe, nyeupe pe, na haichukui zaidi ya wageni wanane. Saa tatu asubuhi tunaondoka gatini, tunatia nanga kwenye ghuba tulivu, wageni wanaruka majini, wanapanda, wanakunywa, wanakula, wanaruka tena, na jioni tunawarudisha wakiwa wamelewa na wanapendana kama ndugu. Wafanyakazi tuko wanne. Nahodha ndiye anayeamua kila kitu. Baharia ni mtu mzima wa miaka hamsini anayeshughulika na nanga na kamba, na akisema maneno kumi kwa siku basi siku hiyo ana furaha. Mimi ni mpishi, niko chini kwenye jiko ambalo ukinyoosha mikono unagusa friji upande huu na sinki upande ule. Wifi alikuwa mhudumu wa vinywaji. Wageni walimpa jina la Bi Barafu, maana kila walipogeuka walimkuta na ndoo ya barafu au trei ya glasi, na hakuwahi kuonekana akitoka jasho.

Ni mke wa kaka yangu. Kaka alikuwa seremala mzuri mpaka mgongo ulipomgomea, na tangu hapo kazi yake ni kukaa kwenye kochi na kutoa maagizo. Wifi ndiye alikuwa anaihangaikia nyumba, yeye na mabinti wake wawili. Wakati ule alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, kutwa kucha na pasi za mvuke, akirudi nyumbani anakohoa hadi majirani wanagonga ukuta. Mhudumu wetu wa zamani alipoacha kazi, nilimvaa Nahodha siku ile ile. Akaniuliza swali moja tu.

"Anajua kuogelea? Mwenye boti hataki mtu asiyejua. Kila mfanyakazi lazima awe na fomu, na shahidi atie sahihi."

"Huyo? Huyo ni samaki," nikamwambia.

Nikatia sahihi nimesimama, fomu imelazwa juu ya friji. Msiniulize kama niliogopa. Mimi si mtu wa kuogopa karatasi.

Kwa nini hakujua kuogelea, hilo nalo lina hadithi yake, na si ya kuchekesha. Alilelewa na mama yake mdogo, mwanamke mmoja mwenye mikono mikubwa ambaye hakupenda watoto, na hasa hakupenda watoto wanaokojoa kitandani. Uani palikuwa na pipa la maji. Wifi akiamka na shuka limelowa, mama mdogo alimpeleka kwenye pipa, akamshika shingo, akamzamisha kichwa, akahesabu kwa sauti mpaka ishirini. Siku nyingine alichanganya hesabu akaanza upya. Wifi aliniambia haya mara moja tu, akikunja nguo, wala hakuinua macho.

Nilijaribu kumfundisha. Mwezi wa kwanza nilimpeleka ufukweni, sehemu ambayo maji yanaishia kiunoni na watoto wa chekechea wanacheza. Akaingia vizuri. Nikamwambia, haya, lala, nimekushika. Mwili wake ukakauka kama mbao za kaka yangu. Nikavuta, nikasukuma, mwisho nikaishiwa subira nikamwinamisha kwa nguvu. Alinikwaruza shavu, akatoka majini mbio, akatapika kwenye mchanga. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni nikamsimulia kaka, naye akacheka. Hatukujaribu tena.

Sasa, pale kwenye boti kuna mchezo. Sisi tunauita kulipa ushuru. Wageni wakishalewa na wakimpenda mfanyakazi, wanamkamata mikono na miguu, wanahesabu moja mbili tatu, wanamtupa majini. Ndiyo shukrani yao. Nahodha anaruhusu, kwa sababu mgeni aliyemtupa mtu majini huwa anarudi mwaka unaofuata na rafiki zake. Mimi nimelipa ushuru mara nyingi mno, nimezoea, simu naacha jikoni kabisa. Baharia amelipa. Nahodha mwenyewe amelipa akiwa na kofia yake. Lakini lipo sharti moja: aliyeshika trei haguswi. Glasi za boti ile ni glasi kweli, si plastiki, na wageni wako pekupeku. Glasi ikivunjika pale juu siku imeharibika.

Mnaona basi jinsi wifi alivyoishi. Miaka sita hakuiachia trei. Wageni wakianza kucheka ule ucheko wa kutafuta mtu, yeye tayari yuko na glasi sita mkononi. Akiongea na wewe ameshika trei, akipumzika ameipakata. Nahodha alimsifu mbele yetu, eti tuige bidii ya Bi Barafu. Mimi nilikuwa nakata nyanya, nikauma midomo nisicheke.

Siku yenyewe tulikuwa na kundi la marafiki wanane, wakubwa kwa umri, watu wa heshima. Aliyekuwa akisherehekea ni daktari wa meno aliyetimiza miaka sitini. Nawaambieni, sijawahi kuona wageni wapole kama wale. Walisema tafadhali, wakasema asante, waliteremka mpaka jikoni kunisifia samaki wa kuchoma. Daktari alimuuliza wifi habari za watoto wake, na alisikiliza jibu. Wangekuwa walevi wa kelele, wifi angejilinda. Upole ndio uliomponza.

Baada ya chakula nilipanda juu na sahani ya matunda. Wageni walikuwa wametoka kuogelea, mataulo mabegani, wanakunywa duru ya tatu. Wifi alikuwa amesimama karibu na ngazi ya nyuma, trei imejaa. Daktari akainuka, akamwendea.

"Mama, umesimama tangu asubuhi," akasema. "Hebu nipe hiyo nikupokee. Leo ni siku yangu ya kuzaliwa, nahudumu mimi."

"Hapana, Daktari, ni kazi yangu."

"Usinibishie. Nina mikono ya kung'oa meno, sitavunja kitu."

Wote wakacheka. Akaichukua trei kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, na wifi hakuwa na namna ya kuing'ang'ania bila kuonekana mkorofi. Nilimwona akitazama mikono yake mitupu. Kufumba na kufumbua, mabwana wawili wakamkamata kwa nyuma, mmoja kwapani, mwingine miguuni.

"Ushuru! Ushuru!" wakaimba. Baharia ndiye aliyekuwa amewafundisha neno hilo asubuhi.

Hapa nisikilizeni vizuri. Wifi angeweza kusema. Maneno mawili tu: sijui kuogelea. Wale watu wangemweka chini papo hapo, wangemwomba radhi. Lakini Nahodha alikuwa pale mbele kwenye usukani, mlango uko wazi, na maneno hayo yakitoka, kazi imekwisha, yake na yangu. Alinitafuta kwa macho. Alinikuta. Nilikuwa hatua tano kutoka pale, na sahani yangu ya matunda, na mdomo wangu ambao haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe.

Sikusema kitu.

Basi wifi akacheka. Alicheka kwa sauti, ili ionekane mchezo. Walipohesabu moja, akaitikia moja. Walipohesabu mbili, akaitikia mbili. Wakamtupa.

Aliingia kwa mgongo. Akapotea, akaibuka, mdomo wazi, macho yamemtoka. Hakupiga kelele hata kidogo, na ndicho wasichojua watu, kwamba anayezama hapigi kelele. Mkono mmoja ukatoka majini mpaka kwenye bega. Wageni wakampungia. Mke wa Daktari alikuwa anapiga picha kwa simu, akamwambia, "Tabasamu, Bi Barafu!" Akazama tena.

Mimi naogelea. Tangu nina miaka saba naogelea, na nimeshawatoa wageni wawili waliobanwa na misuli. Nilikuwa nimesimama pale nikiwaza, labda atashika ngazi. Labda ataibuka mwenyewe, ngazi si iko pale pale. Nikiruka mimi, Nahodha atauliza kwa nini nimeruka. Mawazo yote hayo niliyapanga vizuri kichwani, moja baada ya jingine, na wifi yangu yuko chini ya maji. Sijui ni muda gani. Mama yake mdogo angekuwa ameshamaliza kuhesabu.

Aliyeruka ni Nahodha, na viatu vyake na saa yake. Alimtoa kwa kumshika nywele. Baharia akawavuta ngazini. Walimlaza juu ya sakafu nyeupe akatapika maji na embe, na mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika wenyewe. Daktari bado alikuwa ameshika trei. Hakumwaga hata tone.

"Lakini mbona hakusema?" akauliza bwana mmojawapo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosewa. "Alikuwa anacheka!"

"Kweli alicheka," mke wa Daktari akasema. "Ninayo hapa."

Nahodha alituita chini jikoni, mimi na wifi. Alikuwa analowesha sakafu yangu. Alitoa faili kwenye droo, akafungua ile fomu, akaweka kidole kwenye sahihi.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

"Mita hamsini. Kwa macho yako."

Nilimtazama wifi. Alikuwa amejifunga taulo la mgeni, midomo imekuwa ya kijivu, meno yanagongana. Nikaanza kusema, na yalitoka yenyewe, laini kabisa, sikukwama popote.

"Alinidanganya, Nahodha. Aliniambia alikuwa anashindana shuleni. Ni mke wa kaka yangu, nilimwamini. Sasa naona nilivyokuwa mjinga."

Nahodha akamgeukia. "Ni kweli?"

Wifi hakunitazama. "Ni kweli," akasema. "Nilimdanganya."

"Ungekufa kwenye boti yangu. Unaelewa? Ningefungwa mimi."

"Naelewa. Naomba radhi."

"Tukifika, kusanya vitu vyako."

Palikuwa pamebaki saa mbili kufika gatini, na baada ya nusu saa wageni waliomba vinywaji, kwa sauti ya chini, ya kiungwana. Nilipeleka mimi. Wifi alikaa kwenye ngazi ya jikoni akitazama ukuta. Tulipofika, wote wanane walimkumbatia mmoja mmoja. Daktari alimwambia ajitunze, na kwamba siku hii hawataisahau kamwe. Kisha wakamwomba asimame katikati, wapige picha ya pamoja. Alisimama.

Kazi yake nilipewa mimi, pamoja na yangu, mpaka walipompata msichana mwingine. Nahodha alisema anathamini mtu anayekiri kosa.

Jumapili nilikwenda kwa kaka. Ni vyumba viwili, kochi moja na viti viwili vya plastiki, na mabinti walikuwa wameketi sakafuni na madaftari yao. Mdogo alinipokea mkoba, "Shikamoo, shangazi." Nilidhani wifi angekuwa amemweleza mumewe ukweli. Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimepanga na majibu. Kumbe alikuwa amemweleza yale yale aliyomwambia Nahodha, neno kwa neno.

Kaka alikuwa amevimba kwa hasira. "Dada yangu amekutafutia kazi," akamwambia wifi, mbele ya watoto, "na wewe ukamdanganya. Nusura naye afukuzwe. Umeniaibisha kwa ndugu zangu. Haya, mwombe radhi. Sasa hivi, tukusikie."

Wifi akafuta mikono kwenye kanga, akaja akasimama mbele yangu. Bado alikuwa na alama nyekundu kipajani, pale Nahodha alipomng'oa nywele. Mabinti waliacha kuandika. Nilikuwa na nafasi nyingine hapo, na safari hii hakukuwa na Nahodha wala fomu. Palikuwa na kaka yangu tu, ambaye mimi simwogopi.

"Nisamehe, wifi," akasema. "Nilikukosea."

Nikamwambia nimemsamehe.